Uji wa nyumbani au kopo la dukani? Mabakuli mawili ya mtoto wa miezi saba

Kwa mtoto wangu wa kwanza nilijaza ndoo vitu kumi na viwili nikaenda mashine ya kusaga: mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, maharage na korosho. Msagaji alichungulia akaniuliza, "Mama, umekuja kusaga au umehamisha soko la Tandale?" Nilicheka, lakini moyoni nilijisifu. Nani angemlisha mwanawe vizuri kuliko mimi? Miezi miwili baadaye mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki, uliokuwa ukipanda tangu azaliwe, ulilala.

Wa pili nikamlea kwa makopo ya nafaka ya dukani. Likizo ya uzazi ya siku 84 ilikuwa imekwisha zamani, nyumbani alibaki na dada wa kazi aliyekuwa mgeni wa jiji na mgeni wa jiko la gesi, na kopo lilionekana jambo rahisi: maji ya moto, unga, koroga. Mstari wa kadi ulipanda bila shida. Alipokaribia mwaka ndipo niliona kasoro. Ukimpa kiazi kilichopondwa anatema. Ukimpa mchicha anafunga mdomo kama mlango wa benki saa kumi na moja. Alikuwa amezoea ladha moja, tamu, na ulaini mmoja.

Kwa hiyo nimepita njia zote mbili na nimekosea kote. Nazungumzia mtoto aliyekwisha timiza miezi sita. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, na baada ya hapo anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Hayo ndiyo mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani na sina la kuyaongezea.

Mabakuli mawili yanayolingana

Chukua mabakuli mawili, kila moja la mililita 200. Hatuwezi kuongeza ukubwa, kwa sababu tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 8 anajaa kwa mililita 240 hivi, basi.

La kushoto tia uji wa nyumbani kama nilivyokuwa nikiupika mimi: vijiko viwili vikubwa vya unga, tuseme gramu 20, maji mengi, mwepesi wa kunyweka kwa kikombe. Hapo una kilokalori 70 na kidogo. La kulia tia nafaka ya kopo, gramu 50 kama lebo nyingi zinavyoelekeza kwa mlo mmoja. Hilo linafika kilokalori 200. Kwa macho yanalingana, mtoto ataacha kula akishiba kwa lolote kati yake, lakini moja limebeba karibu mara tatu ya jingine. Na mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya anahitaji kilokalori kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Uji wangu mara mbili kwa siku haukufika.

Muuguzi wa kliniki hakunihesabia kalori. Aliniuliza tu, "Ukiinamisha kijiko, uji wako unakaa au unakimbia?" Nikasema unakimbia. "Basi mama, unamnywesha maji ya unga."

Vitu kumi na viwili kwenye ndoo, na tatizo lilikuwa maji! Mpaka leo nikikumbuka najicheka.

Lakini uji mwepesi una sababu yake. Unga wa nafaka ukipikwa unavimba. Ukizidisha unga unapata ugali, na mtoto wa miezi saba hawezi kuumeza. Kiwandani nafaka hupikwa na kukaushwa kabla, na mara nyingi wanga wake hukatwa vipande vidogo kwa vimeng'enya, ndiyo maana gramu 50 zinalainika bila kugeuka gundi. Kazi hiyohiyo inafanywa nyumbani na kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uache uchipue siku mbili tatu ndani ya kitambaa chenye unyevu, ukaushe juani, usage. Pika uji mzito kabisa, uipue, upoe kidogo, kisha tia kijiko kimoja cha kimea na ukoroge. Utalegea mbele ya macho yako, bila tone la maji. Urudishe jikoni uchemke kidogo tena, maana unga wa kimea una vijidudu vyake. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walikuwa wakikieneza tangu miaka ya 1980, na wapishi wa togwa walikijua kabla yao. Tumia ulezi (Wakenya wanauita wimbi), usitumie mtama: mtama ukichipua hutengeneza kitu kinachotoa sianidi.

Kama kimea ni kazi kubwa, kuna njia ya mkato. Kijiko cha chai cha mafuta kinaongeza kilokalori 40. Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini, kama 90. Yai moja, 70. Au pikia maziwa badala ya maji. Bakuli la kushoto likitiwa viwili kati ya hivyo linalikaribia au kulifikia la kulia, na likitiwa vitatu linalipita.

Madini chuma: hapa kopo linashinda

Najua nitawaudhi wapenzi wa "cha asili", lakini hili lazima lisemwe. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji kama miligramu 11 za madini chuma kwa siku. Baba yake, na mabega yake yale, anahitaji 8. Akiba aliyozaliwa nayo mtoto inapungua sana kufikia miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo.

Uji wa ulezi unasifiwa kwamba unaongeza damu, nadhani kwa sababu ya rangi yake. Gramu 20 za ulezi hazifiki miligramu 2, na hata hizo, fitati zilizomo kwenye nafaka zinazishika zisifyonzwe. Unaweza kuchanganya nafaka sita. Zote zina udhaifu huohuo. Nafaka ya kopo, kwa upande wake, imeongezwa chuma kiwandani, na lebo inakuambia ni miligramu ngapi kwa gramu 100. Kwa mama asiyepata nyama mara kwa mara, huo ni msaada wa kweli.

Jikoni tunaufikia kwa vyakula vya wanyama. Maini ya kuku yaliyochemshwa na kupondwa, mara moja au mbili kwa wiki, yasizidi kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Nyama iliyosagwa ndani ya mtori. Dagaa waliooshwa vizuri (wengi hukaushwa mchangani, na mchanga utausikia kwenye meno), wakakaushwa tena na kusagwa, kijiko kimoja ndani ya uji au mboga. Pembeni tia kitu chenye vitamini C, kama chungwa, papai au unga wa ubuyu, kwa sababu husaidia chuma cha nafaka na maharage kufyonzwa. Chai ya rangi, ambayo mabibi wengi wanapenda kumchovyea mtoto mkate, inafanya kinyume chake. Hili nililieleza kwa mama mkwe wangu kwa heshima zote, na ilichukua wiki tatu.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa. Iringa, Njombe na Rukwa! Mikoa ambayo sisi wa Dar tunaisubiri malori yake ya mahindi na viazi. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi na kazi za shamba zinazomtenga mama na mtoto, lakini takwimu hiyo inanifanya nisite kila ninaposikia kwamba cha shambani kinatosha. Mahindi yanaweza kujaa ghalani na bakuli la mtoto likawa tupu kwa maana nyingine.

Sukari: hapa kopo linaanguka

Aprili 2024 shirika la Uswisi la Public Eye pamoja na IBFAN, mtandao wa kimataifa wa kutetea unyonyeshaji, walitoa uchunguzi kuhusu vyakula vya watoto vya Nestlé, kampuni ya Uswisi inayotengeneza nafaka ya Cerelac. Karibu Cerelac zote walizozichunguza kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini zilikuwa na sukari iliyoongezwa, wastani wa karibu gramu 4 kwa mlo. Cerelac ya biskuti kwa mtoto wa miezi sita iliyouzwa Senegali na Afrika Kusini ilikuwa na gramu 6. Ya ladha hiyohiyo huko Uswisi kwenyewe, sifuri. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na kwamba inapunguza sukari. Jibu hilo, ukilisoma pole pole, linasema kwamba kazi ya kumlinda mtoto wako imeachiwa sheria za nchi yako, na macho yako.

Basi tumia macho. Geuza kopo, achana na picha ya dubu. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Sukari ikiwa ya pili au ya tatu, rudisha rafuni. Itafute pia kwa majina mengine: sukrosi, glukosi, sharubati ya mahindi, asali. (Asali haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, iwe ya kopo au ya mzinga wa babu, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.) Zipo nafaka za madukani zisizotiwa sukari, na bei yake si lazima iwe kubwa zaidi; zinakaa tu rafu ya chini.

Vile vifuko vya matunda vyenye mdomo wa kufyonza viweke kundi la peremende. Kwetu embe, papai na ndizi mbivu zinauzwa kila kona, na kijiko kipo nyumbani.

Tukubali lakini kwamba sukari ya nyumbani haina lebo. Dada anaonja uji, anaona hauna ladha kwa ulimi wake, anatia vijiko viwili. Nilikuja kugundua kilo ya sukari ilikuwa inaisha kabla ya siku zake.

Kinachojificha kwenye karanga

Hofu yangu kubwa kwa unga wa nyumbani ni sumukuvu. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu hutoa sumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara. Hayo ni matukio makubwa. Dozi ndogo ya kila siku haina kelele, huharibu ini taratibu, na mtoto anayekula uji wa mahindi na karanga kila asubuhi ndiye anayeipokea kuliko mtu yeyote nyumbani.

Ndiyo maana ndoo ya vitu kumi na viwili siipendi tena. Kila unachoongeza ni mlango mwingine wa ukungu, na mtoto akiharisha au akitoka vipele hujui umlaumu nani kati ya kumi na wawili. Siku hizi ni nafaka moja na jamii ya kunde moja. Karanga nazinunua nzima, nachambua moja moja, zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye rangi ya ajabu zinatupwa jalalani (wala si kwa kuku, maana sumu inarudi). Nasaga kidogo kidogo, ya wiki moja au mbili. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza. Soya mbichi kwenye unga wa lishe huvuruga tumbo.

Kiwanda kizuri hupima sumukuvu. Mimi jikoni siwezi. Hilo ni pointi ya kopo, ingawa kiwanda nacho si msikiti: mwishoni mwa 2023 huko Marekani vifuko vya rojo ya tufaha na mdalasini viliondolewa sokoni baada ya kukutwa na madini ya risasi, yaliyotoka kwenye mdalasini.

Katikati ya jiko na kiwanda kuna unga wa lishe wa mfuko wa nailoni, unaouzwa na jirani, saluni, hata kwenye foleni ya kliniki. Wapo wajasiriamali hodari wenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe kwenye kifungashio. Wapo pia wenye mfuko mtupu uliofungwa kwa mshumaa. Huu wa mwisho una hasara za pande zote mbili: hukuchambua karanga wewe, na hakuna aliyezipima. Ungeniambia nichague kimoja cha kukataa katika makala hii yote, ningekataa huo.

Nani anakoroga, na kwa maji gani

Uji unachemka wote, pamoja na maji yake. Nafaka ya kopo haichemki. Usalama wake wote umeegemea maji ya kwenye chupa ya chai: yalichemshwa leo au jana? Kikombe kilioshwa na nini? Mama wa nyumba yenye maji ya kisima na nishati ya kupikia ya kubana, kwake uji wa kuchemka ni salama kuliko kopo, hata kama kopo lenyewe halina kosa.

Uji nao una ugonjwa wake: kupikwa saa kumi na mbili asubuhi, ukawekwa chupa, ukaliwa saa nane mchana. Chakula kilichopoa chini ya nyuzi 60 ni shamba la vijidudu. Kikikaa nje zaidi ya saa mbili, kitupwe. Hapo kopo linafaa sana kwa mlo wa mchana, maana linatengenezwa la mlo mmoja na kuliwa papo hapo. Ukiwa na friji na umeme usiokatika, chakula kilichopondwa kinalala siku moja bila shida. Kichupa cha dukani kilichofunguliwa vilevile, ila usimlishe mtoto moja kwa moja kutoka kichupani. Mate yake yakishaingia, kilichobaki hakihifadhiwi.

Sheria ya kazi Tanzania inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Kama kazi yako iko karibu na nyumbani, saa hizo zinatosha pia kupondea kiazi. Kama unatoka Mbagala kwenda Posta kwa daladala, sheria hiyo ni shairi.

Kuhusu fedha, fanya hesabu kwa mlo, usifanye kwa pakiti. Kopo la gramu 400 kwa kipimo cha 50 ni milo 8. Kwa milo miwili kwa siku, siku nne. Kilo ya ulezi kwa gramu 30 za uji mzito ni milo 33. Gawanya bei ya leo ya sokoni kwako. Lakini kuwa mkweli, upande wa ulezi ongeza yai, mafuta, karanga na mkaa, la sivyo unalinganisha kopo na maji ya unga. Hata baada ya kuongeza, kwangu cha nyumbani huwa nafuu. Tofauti tu si kubwa kama watu wanavyodai.

Meno hayasubiri

Makosa yangu kwa mtoto wa pili yalikuwa hapa, na blenda ingeweza kuyafanya vilevile. Laini kabisa ni kwa wiki za mwanzo. Baada ya hapo ponda kwa uma, acha vipunje. Miezi minane mpe kitu ashike mwenyewe: kipande cha boga lililoiva, ndizi, kiazi lishe cha rangi ya chungwa. Akitimiza mwaka anakula cha familia, kimetolewa kabla ya chumvi na pilipili kuingia sufuriani. Sijaona kopo la kumfundisha mtoto harufu ya nyumbani kwao, samaki wa nazi, mlenda, kisamvu. Hilo linafanywa na sufuria pekee. (Karanga nzima bado ni marufuku, zinakaba.)

Kwa nani, kipi

Mwenye uwezo wa yai au dagaa karibu kila siku, na mtu wa kupika anayemwamini: nyumbani, moja kwa moja, kopo halihitajiki.

Mwenye ulezi na mahindi tu mpaka mwisho wa mwezi: nafaka iliyoongezwa virutubishi, isiyo na sukari, mara moja kwa siku, kwa ajili ya chuma. Na ukienda kliniki uliza kama kuna vipakiti vya virutubishi vya kunyunyiza kwenye chakula. Mahali vinapotolewa, ni mbadala mzuri wa kopo.

Mtoto aliyezaliwa njiti, au anayekataa chakula, au utepe wa kupimia mkono ukisoma njano au nyekundu: hilo si suala la makala ya kulinganisha. Nenda kwa mtoa huduma wa afya leo.

Mimi sasa nina wa tatu, miezi tisa. Asubuhi uji mzito wa ulezi wenye kimea na karanga. Mchana anachokula dada, kilichopondwa, na yai. Jioni mtori au kiazi na mboga ya majani. Kopo lipo moja, juu ya kabati, kwa siku za safari ya basi kwenda Singida na siku gesi inapokata katikati ya mapishi. Kwenye kifuniko nimeandika kwa kalamu tarehe niliyolifungua, na chini yake dada ameandika ya kwake: "Mama, maji yachemke kwanza."